Kamio yetu na ile supape: tujue kwanza tunalipia nini

Mazungumzo kwa wanachama kabla ya kura ya mkutano mkuu



Komite imeniomba nizungumze juu ya kitu kimoja tu: devi ya garaje ambayo iko mezani. Garaje inaomba dola 480. Kwa pesa hiyo watakata njia ya moshi ya kamio yetu karibu na moteri, na hapo wataunganisha supape mpya pembeni ya turbo. Mafundi wanaiita westigeti. Wanasema tukiiweka, kamio itaacha kufa nguvu kwenye mlima. Jumapili ijayo tutapiga kura.

Mimi si makanika. Kazi yangu ni kufuatilia miradi vijijini, na magari ya miradi yako ndani ya kazi hiyo. Nimekaa na shofere wetu, nimekaa na mafundi, nimeangalia ile kamio. Sikuja kumharibia fundi jina lake. Nimekuja ili kila mtu anayenyosha mkono Jumapili ajue ananyosha juu ya nini.

Dola 480 si pesa ya kuchezea. Mfuko wetu unatoka kwenye michango ya kila mwezi na kwenye malipo ya kusafirisha muhogo na mpunga. Ni pesa hiyohiyo inayonunua sanduku mtu akifa, na inayompeleka mama hospitali usiku mtoto akikataa kutoka. Wengi wetu tulivuka ziwa kutoka Kigoma, tangu 2005 na miaka iliyofuata, tukitoka Lugufu na Nyarugusu na mizigo inayobebwa kichwani. Kamio hii ndiyo kitu kikubwa cha kwanza tulichonunua pamoja. Ikifa, mavuno yanaoza, na mnunuzi wa pale sokoni atatupangia bei anayotaka yeye.

Kamio inaumwa namna gani?

Shofere amenieleza hivi. Ikiwa tupu, kamio haina neno. Ikipakia tani tatu na kuanza kupanda kutoka Baraka kuelekea Fizi, katikati ya mlima taa ya manjano inawaka na nguvu inakatika mara moja. Anashuka mpaka gia ya kwanza, anatembea kama mtu mwenye malaria. Akisimama pembeni, akazima moteri, akawasha tena, nguvu inarudi. Kilometa chache mbele, inakatika tena.

Tushike hilo neno: akizima na kuwasha, nguvu inarudi. Chuma kilichovunjika hakiponi kwa kugeuza ufunguo. Kinachopona hivyo ni uamuzi. Ndani ya kamio hii kuna kompyuta ndogo inayochunga moteri. Inapoona hewa inayoingia hailingani na ile iliyoagizwa, inakata nguvu ili moteri isiharibike, na inawasha taa. Ukizima na kuwasha, inaanza kuhesabu upya. Kwa hiyo kukatika kwa nguvu si ugonjwa wenyewe. Ni kama homa. Homa inasema kuna kitu mwilini, lakini haisemi ni malaria ao ni tifoide.

Sasa tuone turbo inafanya nini, maana bila hiyo hatutaelewa supape.

Mmemwona mhunzi na mvukuto wake. Makaa ni yaleyale, lakini akivukuta, chuma kinakuwa chekundu haraka. Moteri ni vilevile. Mazutu bila hewa ya kutosha inatoa moshi mweusi tu. Turbo ndiyo mvukuto, lakini haivukutwi kwa mkono: inazungushwa na moshi unaotoka ndani ya moteri. Kuna magurudumu mawili kwenye chuma kimoja. Moshi unazungusha gurudumu la upande huu, na gurudumu la upande ule linasukuma hewa safi kuingia ndani. Mswisi mmoja, Alfred Büchi, aliandikisha wazo hilo mwaka 1905. Turbo ya kamio ndogo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, na kinachoilinda ni utando mwembamba wa mafuta ya moteri.

Na sisi tunaihitaji kuliko watu wa pwani. Ziwa letu liko karibu meta 770 juu ya bahari, na milimani ni juu zaidi. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na turbo inalazimika kuzunguka zaidi ili ilete hewa ileile.

Turbo za zamani zina tundu moja tu la kupitia moshi, na ukubwa wake haubadiliki. Moteri ikienda mbio, moshi unakuwa mwingi, turbo inazunguka kupita kiasi, na hewa inazidi. Kwa hiyo waliweka westigeti. Wale wanaolima mpunga kwenye bonde la Ruzizi wataelewa upesi: ni ule mlango mdogo kwenye mfereji, maji yakizidi unaufungua, yanapita pembeni, shamba halibomoki. Westigeti inafunguka, moshi uliozidi unapita pembeni ya gurudumu, unakwenda zake kwenye bomba.

Turbo ya kamio yetu si ya namna hiyo. Ni turbo ya vibawa. Kuzunguka lile gurudumu la moshi kuna vibawa vidogo vya chuma vinavyogeuka. Chukua mpira wa maji, bana mdomo wake kwa kidole: maji machache yanaruka mbali. Achia kidole: maji mengi yanatoka bila kusukumana. Moteri ikienda polepole, vibawa vinabana, moshi kidogo unakuwa na nguvu. Moteri ikienda mbio, vibawa vinaachia. Kompyuta ndiyo inasema vibane ao viachie, kwa mkono mdogo wa chuma ulio pembeni ya turbo. Kwa hiyo turbo hii tayari inajua kujipunguza. Ndiyo sababu ilitoka kiwandani bila westigeti.

Mtaniuliza: basi fundi ametoa wapi wazo hilo? Hakulitoa hewani. Kuna watu wanalifanya kweli. Marekani kuna pick-up kubwa za mazutu zenye turbo ya vibawa, kama zile za Ford za moteri ya lita 6.0 za miaka ya 2003 mpaka 2007, ao Ram za moteri ya Cummins ya lita 6.7 kuanzia 2007. Wenye magari hayo, baadhi yao, wanabadilisha programu ya kompyuta ili moteri ichome mazutu mengi zaidi, wavute mizigo mizito sana ao washindane. Mazutu ikizidi, moshi unazidi. Hata vibawa vikifunguka mpaka mwisho, njia inakuwa nyembamba. Presha inajaa nyuma ya turbo, moteri inashindwa kupumua kwenda nje, joto linapanda. Hapo wanaunganisha westigeti pembeni, na wanaweka manometa mbili ndani ya gari: moja ya presha ya moshi kabla ya turbo, moja ya hewa inayoingia. Kwao kazi hiyo ina maana.

Lakini tuangalie tofauti. Wale wanatoa nje moshi uliozidi, kwa sababu wao wenyewe wameongeza mazutu. Sisi hatukuongeza kitu. Moteri yetu inachoma kile kiwanda kilichopanga, na vibawa vilipimwa kwa moshi huo. Sasa moshi wa kuzidi utatoka wapi?

Na hapa nafika kwenye jambo linalonisumbua zaidi katika ile devi. Taa ile ya manjano inaweza kuwaka kwa magonjwa mawili yaliyo kinyume. La kwanza: vibawa vimeganda vikiwa vimebana, kwa hiyo hewa inazidi. La pili: vibawa vimeganda vikiwa wazi, ao mpira wa hewa umepasuka mahali, kwa hiyo hewa inapungua. Shofere kwenye usukani anaona kitu kilekile: taa, na nguvu imekufa. Devi haisemi ni ugonjwa gani. Hakuna mtu aliyesoma kosa lililoandikwa ndani ya kompyuta. Hakuna mtu aliyepima presha.

Kama ni ugonjwa wa pili, hewa inapungua, na sisi tunatoboa tundu lingine la kupotezea moshi. Ni kumtoa damu mtu mwenye upungufu wa damu.

Kama ni ugonjwa wa kwanza, nitasema ukweli: westigeti inaweza kuzima taa kwa siku kadhaa. Lakini vibawa bado vimeganda. Moteri ikitaka vifunguke, havifunguki. Na kuna hatari nyingine. Kompyuta haijui kwamba tumeweka supape. Supape ikifunguka mapema kuliko inavyotakiwa, hewa inashuka chini ya kipimo. Kompyuta inaona upungufu, inaamuru vibawa vibane zaidi. Vikibana, presha ya moshi inapanda, supape inafunguka zaidi. Ni watu wawili kwenye mlango mmoja, mmoja anavuta, mwingine anasukuma. Anayeumia katikati ni turbo, na nyuma yake gasketi ya moteri. Gasketi hiyo ikiungua, hatutazungumza tena juu ya dola 480.

Halafu kuna kazi yenyewe ya kukata na kuunganisha. Chuma kile kinachokusanya moshi ni chuma cha kumimina. Si kama chuma cha shasi. Kinahitaji kupashwa moto kwanza, kuunganishwa kwa vijiti vya nikeli, na kupozwa polepole. Bila hivyo kinapasuka. Na kipande kidogo cha takataka ya kuunganishia kikibaki ndani, moteri ikiwaka kinakwenda moja kwa moja kwenye gurudumu linalozunguka mara 100,000 kwa dakika. Punje moja ya chuma inatosha.

Basi tufanye nini? Ninapendekeza tuanze na vya bei ndogo, tupande polepole, na tusimame pale tutakapopata jibu.

Kwanza, kosa lisomwe kwa mashine na liandikwe kwenye karatasi, kabla ya mtu kufungua hata nati moja. Hilo litatuambia kama hewa inazidi ao inapungua.

Pili, filta ya hewa. Kwenye barabara yetu, wakati wa kiangazi, vumbi la siku tatu linatosha kuiziba. Itolewe, iangaliwe kwenye mwanga wa jua.

Tatu, mipira yote ya hewa kutoka turbo mpaka moteri. Ipitishiwe mkono upande wa chini, ambako macho hayafiki. Mahali palipopasuka huwa na mafuta meusi yenye vumbi. Mpira ukipasuka, ukiwa na mzigo unasikia sauti ya upepo kama mtu anapiga mluzi.

Nne, ule mkono wa turbo. Mtu mmoja awashe moteri na kuizima, mwingine aangalie. Kwenye turbo nyingi mkono huo unatembea wakati wa kuwasha ao kuzima. Usipotembea, ao ukitembea kwa kukwama, tumekaribia ugonjwa. Hapo tuangalie kwanza ule mpira mwembamba ao waya unaoupa nguvu, kwa sababu panya na joto wanakula vitu hivyo. Na kile kidude kinachopima presha ya hewa kisafishwe, maana kikizibwa na masizi kinaipa kompyuta habari za uongo.

Tano, kama mkono unapokea nguvu na bado umekwama, turbo ishushwe, ifunguliwe upande wa moshi, na vibawa visafishwe masizi. Fundi apake alama kabla ya kufungua, ili kila kitu kirudi mahali pake. Na lile gurudumu la hewa asiliguse na chuma. Ni kazi ya siku moja ao mbili kwa mtu mwenye subira.

Sita, kama vibawa vimelika ao lile gurudumu linacheza hata kugusa ukuta, basi turbo imekufa, na tutazungumza juu ya kununua nyingine. Angalau tutakuwa tunalipia kitu tunachokijua.

Vibawa vinaganda juu ya nini? Ni masizi. Na masizi mengine tunayatengeneza sisi. Kamio inakaa inanguruma saa nzima kwenye bariera ao sokoni, moteri haina kazi, moshi una masizi, turbo ni baridi. Mafuta ya moteri yanabadilishwa yakiwa yamechelewa kwa sababu mfuko uko mtupu. Mazutu ya vidumu vya njiani ina maji na uchafu, sindano za mazutu zinaharibika, moshi unakuwa mweusi. Hapo hata turbo mpya itaganda. Ninaomba tuwe na daftari moja ndani ya kamio: tarehe, kilometa, mafuta yamebadilishwa lini, filta lini. Na shofere akimaliza mlima na mzigo, aache moteri itulie dakika moja ao mbili kabla ya kuzima, ili mafuta yasiungue ndani ya turbo iliyo moto. Dakika mbili, si nusu saa.

Wiki hii nimepata maulizo mawili mazuri, nijibu mbele ya wote.

Mzee mmoja aliuliza: juu ya nini tusiondoe turbo hii kabisa, tuweke ile ya zamani yenye westigeti yake? Mzee, hilo ni wazo lenye akili kuliko la kukata hii tuliyo nayo, na kwenye moteri zisizo na kompyuta mafundi wanalifanya. Kwenye moteri yetu, kompyuta itakuwa inaita vibawa ambavyo havipo, na taa itabaki inawaka. Kamio pia itakuwa nzito zaidi wakati wa kuondoka na mzigo. Tuliweke kama njia ya mwisho.

Mama mmoja aliuliza: na kama fundi akisema hataki kusafisha, anataka kuweka supape tu? Mama, hapo tumwombe mambo matatu kwa maandishi. Kosa lililosomwa ni lipi? Presha ya moshi kabla ya turbo ni bari ngapi, na ya hewa ni bari ngapi, kamio ikiwa na mzigo? Na moteri ikiharibika baada ya kazi, nani analipa? Vipimo vikionyesha kwamba vibawa viko safi, vinatembea vizuri, vimefunguka mpaka mwisho, na bado presha ya moshi inaipita mbali ile ya hewa, na njia ya nyuma haijazibika, mimi mwenyewe nitanyosha mkono kuikubali supape. Lakini karatasi itangulie pesa.

Kwenu wafadhili, neno moja. Kitu kipya kinapigwa picha vizuri. Kusafisha masizi hakuna picha. Lakini kama mnataka kamio hii ibebe muhogo wa watu kwa miaka, tusaidieni mashine ya kusomea makosa, ile inayokubali kamio za volti 24, na siku chache za kumfundisha kijana wetu mmoja kuitumia. Itahudumia kamio yetu, na vyama vya jirani wataweza kuja kusomewa kwa malipo madogo yatakayoingia kwenye mfuko.

Kwa hiyo, Jumapili, pendekezo langu ni hili: devi ya dola 480 iwekwe pembeni bila kukataliwa. Komite iruhusiwe kutumia si zaidi ya dola 90 kwa kusoma kosa, filta, mipira na kupima ule mkono. Majibu yaletwe mbele yenu, kwa maandishi, kabla ya mzigo wa kwanza wa mpunga. Mpaka hapo, kamio isipande mlima na zaidi ya tani moja na nusu, na shofere asilazimishwe na mtu yeyote, hata kama mzigo ni wa mkubwa wa komite.

Anayekataa, asimame Jumapili aseme, tusikilizane, kisha tuhesabu mikono.